Husuni Kubwa: Ikulu na Bohari Ndani ya Ukuta Mmoja

(Hotuba kwa waongoza watalii, walimu wa historia na mafundi wa Kilwa)

Wazee wetu wa Kisiwani mliovuka asubuhi hii kuja kutusikiliza, walimu wetu, mafundi, na nyinyi vijana mnaopokea wageni kila siku pale gatini: assalaam alaykum, na poleni kwa safari.

Nimeombwa nizungumze juu ya Husuni Kubwa, magofu ya ikulu ya kale hapa Kilwa Kisiwani. Nawaomba radhi wazee, sitaanza na silsila ya masultani. Silsila mnaijua, na mkianza kuitaja hapa tutafika adhuhuri hatujaingia hata mlangoni. Leo nataka tulisome jengo lenyewe, chumba kwa chumba, kwa sababu jengo hili linaeleza jambo ambalo wengi wetu tunalipita tukikimbilia kwenye birika la kuogea. Jambo lenyewe ni hili: Husuni Kubwa ilijengwa na mfalme mfanyabiashara, na nafasi kubwa ya ikulu yake aliitoa kwa mizigo. Ukilishika hilo, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Tuanze na mahali. Mji wa Kilwa ulikuwa upande wa magharibi wa jengo hili, pale penye Msikiti Mkuu, ikulu ya baadaye ya Makutani na ngome ya Gereza. Husuni Kubwa haimo mjini. Iko mashariki, mwendo wa miguu kutoka msikitini, juu ya rasi yenye mwamba unaoshuka moja kwa moja baharini. Mtu anayetaka kuwa karibu na raia wake hajengi kule. Anayejenga kule anataka kuona bahari, na anataka bahari imwone. Chombo kikiingia mlangoni mwa bandari, kitu cha kwanza nahodha anachokiona juu ya jabali ni kuta nyeupe za chokaa. Kabla hajatia nanga ameshajua nani mwenye mji.

Na aliyeijenga tunamjua. Ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, takriban kuanzia mwaka 1310 hadi 1333. Jina lake limeonekana kwenye maandishi ya jiwe lililochongwa, lililopatikana humo humo Husuni Kubwa, pamoja na lakabu yake ya kifalme, al-Malik al-Mansur. Kitabu cha zamani cha historia ya Kilwa kinasimulia kwamba alipokuwa kijana alikwenda Makka kuhiji na akakaa Aden akisoma. Kumbukeni hilo la Aden. Tutalirudia tukifika kwenye kuba.

Sasa mpangilio. Ukija kutoka baharini unapanda ngazi zilizoinuka kutoka ufukweni hadi ncha ya rasi. Huko kaskazini, penye upepo na penye kuona mbali, ndiko walikoishi sultani na watu wake. Kuna nyua zilizochimbwa chini kidogo ya usawa wa vyumba, na vyumba vimezizunguka. Upo uwanja wa baraza wenye madaraja ya kukalia ubavuni, ambapo watu walikaa kwa ngazi ya heshima zao wakimkabili sultani. Lipo birika la pembe nane, kazi safi kabisa, lenye viduara vya nusu mwezi vya kukalia na vidaraja vya kuteremkia. Kila mgeni hulipenda birika hilo, na ana haki ya kulipenda. Waambieni tu jambo moja zaidi: Kisiwani hakuna mto. Maji matamu yote ni ya kisima au ya mvua. Kujaza birika la namna ile juu ya jabali ni kazi ya watu wengi wanaobeba maji, na hivyo ndivyo utajiri wa sultani ulivyoonekana kwa macho. Mgeni aliyeketi pale aliona maji, na nyuma ya maji akaona ni mikono mingapi mwenyeji wake anaweza kuiamuru.

Kisha ugeuke uelekee kusini. Hapa ndipo waongoza watalii wengi wanapoharakisha, eti ni kuta tupu na majani. Nawasihi msiharakishe. Kusini kuna uwanja mpana mno, mpana kuliko nyua za ikulu, na kuuzunguka pande zote kuna vyumba vilivyopangwa kwa mstari, kimoja baada ya kingine, vinavyofanana. Hakuna madoido, hakuna nakshi. Ni mabohari. Jengo zima limechukua karibu hekta moja na vyumba vyake vinahesabiwa kuwa zaidi ya 100, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo haikuwa ya kulala wala ya kukaa. Ilikuwa ya kuhifadhi, kupima, kuhesabu na kutoza.

Kwa nini mfalme aweke bohari nyumbani kwake? Jibu linatoka kwenye upepo, na nyinyi watu wa bahari mnalijua kuliko mimi. Kaskazi inaleta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi. Kusi inavirudisha. Nahodha aliyetoka mbali na kaskazi anaweza kufika Kilwa, akauza, akanunua, akapata kusi ya kurudi kwao ndani ya msimu huo huo. Akijaribu kwenda kusini zaidi, hadi Sofala kwenye pwani ambayo leo ni ya Msumbiji, msimu unamkatikia njiani na analazimika kungoja mwaka. Dhahabu lakini iko huko Sofala, ikishushwa kutoka nyanda za juu za Zimbabwe. Basi anayekaa Kilwa akawa na majahazi yake ya kwenda na kurudi Sofala, akaikusanya dhahabu na pembe za ndovu kabla wageni hawajafika, akaziweka ndani akingoja kaskazi, huyo ameshika ufunguo wa bahari nzima. Na vilevile nguo na vyombo vilivyoletwa na wageni lazima vingoje mahali vikisubiri kupelekwa kusini. Biashara ya Kilwa ilikuwa biashara ya kungoja, na kungoja kunataka ghala, na ghala lenye dhahabu ndani yake linataka liwe chini ya jicho la mwenyewe.

Ndiyo maana nasema uwanja ule wa kusini ndio moyo wa Husuni Kubwa. Birika ni faida yake.

Ushahidi wa masafa ya biashara hiyo uko wa kutosha. Ndani ya magofu haya vimepatikana vipande vya vyombo vya kauri vya China, kazi ya wakati ule ule wa al-Hasan. Na kule Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe huko Zimbabwe, mbali kabisa na bahari, ilipatikana sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Sarafu moja ni kitu kidogo, lakini ilitembea. Napenda pia kuwaambia wanafunzi kwamba sarafu za Kilwa zilikuwa na vina: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zikagongana kwa sauti ya mwisho kama mizani ya shairi. Mji ulioweka ushairi kwenye hela ya kununulia samaki ni mji wa kuheshimiwa.

Tuje kwenye ujenzi, maana mafundi wako hapa na najua ndicho walichokifuata.

Nyumba ya mawe ya Kiswahili inaanzia kwenye matumbawe, na matumbawe ni ya aina mbili. Kuna jiwe gumu la kuchimbwa ardhini, la kujengea kuta. Na kuna tumbawe laini linalokatwa likiwa hai baharini, wakati wa maji kupwa, likachongwa upesi kabla halijakauka na kuwa gumu. Hilo la pili ndilo la miimo ya milango, la matao, la mihrabu, la nakshi zote. Mkipita kwenye vizingiti vya Husuni Kubwa na kuona mistari iliyonyooka na pembe zilizokaa sawa, mjue fundi alikuwa akishindana na jua. Chokaa nayo ni matumbawe hayo hayo, yaliyochomwa juu ya tanuu la magogo, yakamwagiwa maji, yakaachwa yakomae muda mrefu. Kwa hiyo jiwe, chokaa ya kuliungia na rangi ya jengo hili vyote vimetoka mahali pamoja.

Paa la kawaida liliezekwa kwa boriti za mikoko, juu yake vipande vya matumbawe na chokaa, pakasakafiwa. Boriti ina urefu wake, haibembelezwi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba na virefu: upana umeamuliwa na mkoko. Ukitaka chumba kipana zaidi ya hapo lazima uache boriti na utafute njia nyingine.

Na hapa ndipo al-Hasan alipothubutu. Mafundi wake waliezeka kwa kuba na kwa matao marefu yaliyojikunja, kwa zege la matumbawe na chokaa lililomwagwa juu ya muundo wa mbao. Walifanya hivyo Husuni Kubwa, na wakafanya kwa ukubwa zaidi kwenye nyongeza ya Msikiti Mkuu, ambayo pia ni kazi ya sultani huyu. Pale msikitini wakaweka kuba ambayo kwa karne nyingi haikuwa na ya kuipita ukubwa katika pwani hii. Kijana aliyekaa Aden, akapita Makka, aliona majengo, akarudi na hamu. Hilo sina shida nalo. Mfalme yeyote mwenye akili huiga kinachompendeza.

Ila nina shida, na nitaisema wazi, na usemi ninaousikia mara kwa mara wageni wakielezwa: kwamba hili ni jengo la Waarabu, likaishia hapo. Ndugu zangu, umbo la birika na kuba lina ndugu zake ng'ambo ya bahari, kweli. Sultani alijinasibu na ukoo wa Yemen, kweli. Lakini aliyeiona Kilwa kwa macho yake wakati wa al-Hasan alituachia maneno. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika mwaka 1331. Aliandika kwamba watu wa mji huu wengi wao ni Zanji, jina ambalo Waarabu waliwaita Waafrika wa pwani hii, weusi sana, wenye chale usoni, Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwamba mji wao ni katika miji mizuri na iliyojengwa vyema. Jiwe ni la hapa, chokaa ni ya hapa, boriti ni za mikoko ya hapa, ujuzi wa kukata tumbawe hai baharini ni wa watu wa pwani hii, na ulikuwapo kwenye misikiti ya zamani kabla al-Hasan hajazaliwa. Mtu akileta mchoro kutoka Aden na kumpa fundi wa Kilwa, jengo litakalotoka ni la Kilwa.

Ajabu ni kwamba Ibn Battuta hakuandika hata mstari mmoja juu ya ikulu hii. Aliuona mji akausifu, na nyumba alizozieleza ni za miti na makuti. Kilichomvutia ni mwenye nyumba. Anasema sultani aliitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Anasimulia fakiri mmoja kutoka Yemen aliyemsimamisha sultani akitoka swala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakasifu unyenyekevu ule. Mwanawe akazichukua zile nguo kwa fakiri na badala yake akampa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyoshukuru, akaamuru apewe wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ukarimu, nami nimekisikia kikisimuliwa hivyo kwa sauti tamu. Tukisimulieni chote. Watu 20 wametolewa zawadi mbele ya msikiti, na hakuna hata mmoja wao aliyetajwa jina. Ibn Battuta huyo huyo anaeleza kwamba sultani alikwenda vitani dhidi ya watu wa bara na kurudi na ngawira. Kwa hiyo tunapomwonyesha mgeni mabohari na birika, tuseme pia kwamba utajiri ule ulikuwa na watu ndani yake. Baadhi ya mikono iliyobeba yale maji na yale mawe huenda haikuwa na hiari. Kusema hivyo hakupunguzi ustadi wa mafundi. Kunawarudisha watu kwenye nyumba waliyoijenga.

Nisiisahau Husuni Ndogo, ng'ambo ya korongo, jirani kabisa. Ni ukuta mnene wa mstatili wenye minara midogo kwenye kona na ubavuni, na ndani yake karibu patupu. Wapo wanaosema ni soko, wapo wanaosema ni mahali pa kufikia misafara. Mimi nikiutazama ukuta ule kando ya uwanja wa kusini wa Husuni Kubwa, naona mizigo na watu wanaongoja. Hayo ni maoni yangu, mkiwa na yenu yapeni nafasi mbele ya wageni.

Husuni Kubwa haikuishi sana. Wachimbaji wa mambo ya kale, wakiongozwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960, ndio walioifunua kutoka kwenye vichaka, na dalili walizoziona ni za jengo ambalo sehemu zake hazikumalizika na halikukaliwa kwa muda mrefu. Baada ya al-Hasan alishika nduguye Dawud. Ibn Battuta anasema huyu alikuwa kinyume cha kaka yake: mwombaji akimjia humjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha cha kutoa. Sijui kama kuna maelezo ya hazina tupu yaliyo mafupi kuliko hayo. Zile kuta za vyumba visivyokwisha, mkizitazama huku mmeyakumbuka maneno ya Dawud, zinaeleweka. Ile kuba kubwa ya msikiti nayo ilianguka, na msikiti ukaja kujengwa upya karne ya 15, safari hii kwa nguzo nyingi zilizosogeleana na paa lisilojivuna. Mafundi walijifunza.

Wareno walipoingia Julai 1505, chini ya Francisco de Almeida, waliuteka na kuupora mji, wakajenga ngome ufukweni pale tunapopaita Gereza, na mwaka 1512 wakaondoka. Gereza mnayoiona leo kwa sehemu kubwa ni ya wakati wa Waomani, mnamo mwaka 1800. Na ikulu ya Makutani, ile yenye kuta za pembe tatu, ni ya masultani wa karne ya 18, waliojenga juu ya kilichokuwapo. Nawasihi sana msiwachanganyie wageni hizi tatu. Kati ya Husuni Kubwa na Makutani kuna takriban miaka 400, na Makutani iko ufukweni, ndani ya mji, imejikunyata nyuma ya ukuta. Mfalme wa jabalini alitaka kuonekana na vyombo. Mfalme wa Makutani alihitaji kujikinga navyo.

Sasa ya leo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa humo baada ya kazi ya ukarabati. Miaka kumi ya kazi, na wengine mliofanya kazi ile kwa mikono yenu mmeketi mbele yangu. Mnastahili shukrani, na natoa shukrani hizo mbele ya watu.

Lakini hatari zenyewe hazikusaini mkataba wowote. Bahari bado inakula ufukwe. Mti ukiota juu ya ukuta, mizizi yake inaingia kwenye chokaa na kuupasua ukuta kutoka ndani, na miaka mitatu ya kupuuza inatosha. Na saruji ya dukani, ambayo ni rahisi kupatikana kuliko chokaa, inaua kuta hizi. Ukuta wa matumbawe unanyonya unyevu na kuutoa. Chumvi iliyomo ndani inahitaji njia ya kutokea. Ukiupaka saruji unaziba njia, chumvi inabaki ndani, inavunja jiwe lenyewe nyuma ya plasta inayoonekana nzima. Fundi anaweza kuondoka akiwa amesifiwa na ukuta ukaanguka baadaye bila mtu kujua sababu.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa makundi matatu. Mafundi: chokaa ichomwe na ikomazwe kabla ya msimu wa kazi, isitafutwe siku ya kazi, na vijana wawili au watatu wafundishwe kila mara na wazee wanaojua, kwa sababu kipimo cha chokaa na mchanga kipo mikononi mwao zaidi ya kwenye karatasi. Walimu: waleteni watoto na kamba na karatasi, wapime uwanja wa kusini kwa hatua zao na wachore vyumba vyake, kisha wapime nyua za ikulu, walinganishe wenyewe. Nanyi waongoza watalii: badilisheni njia ya kuzungukia. Watembezeni wageni uwanja wa mabohari kwanza, waelezeni kaskazi na kusi hapo hapo, ndipo mwende kwenye birika. Wageni wasikanyage kingo zake wala wasipande kuta kwa ajili ya picha, hata wakiwa wakubwa wa serikali.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nashukuru kwa kunisikiliza. Wazee wana maswali na masahihisho, na ningependa tuanze na ya kwao.